Mfalme Mwenye Shoka

Ibra, baada ya alasiri

Rahma, mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Nizwa kuwaaga shangazi zako, na nyumba imenyamaza. Nimekaa mezani pako niandike kabla hamjarudi, kwa sababu nikikutazama usoni haya siyawezi. Nimejaribu. Juzi tulipokuwa tunakunja nguo nilifungua mdomo kukwambia, ukainua uso ukaniangalia, nikaishia kukuuliza kama umetia soksi za kutosha.

Basi barua hii haina habari za soksi. Baridi ya Dublin, chakula chao, sala, watu wa kuwaamini na wa kuwaepuka, yote hayo baba yako ameshakwambia, na mengine ameyarudia mpaka ukacheka. Mimi nina jambo moja tu, na ni la zamani, la tulipokuwa tunakaa Bidiya. Ni jambo la Shamsa.

Nilitaka kuitia barua hii ndani ya sanduku lako, chini ya nguo, uikute huko wakati mimi niko mbali na wewe huna la kunifanya. Nikaona huo ni woga mwingine juu ya ule wa mwanzo. Ntakupa mkononi mkifika. Nakuandikia kwa Kiswahili, na najua Kiarabu unakisoma haraka zaidi. Ukikwama neno, njoo uniulize. Kiarabu changu ni cha darasani na cha sokoni. Cha kusema jambo kama hili sikujifunza.

Unazijua sarafu zangu. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaruhusiwa kuziangalia lakini si kuzigusa, na ulikuwa unaweka mikono nyuma kabisa, kama mtu mzima aliyekwenda kutazama maiti. Vidhahabu vidogo, vingine havifiki ukucha wa kidole cha mwisho, vilivyopigwa chapa na wafalme wa Ulaya karne nyingi nyuma. Wafanyabiashara walivileta huku wakanunulia kahawa na vitambaa, na wanawake wa huku, badala ya kuvitia mfukoni, wakavitoboa tundu na kuvitunga shingoni. Watu wa Ulaya wanaokusanya sarafu hawazipendi zenye tundu. Husema zimeharibika. Mimi nilizipenda hizo khasa. Nilikuwa nikiiweka sarafu chini ya kioo cha kukuzia, naona nywele za mfalme wa Hispania zimepangwa mawimbi mawimbi, na juu ya paji lake tundu lililochimbwa na sonara wa Nizwa au wa Sur. Nikiona hivyo, moyo wangu ulikuwa unatulia namna ambayo hakuna kitu kingine kilichoweza kuutuliza. Hata nyinyi watoto hamkuweza. Nakwambia ukweli.

Nilianza kwa yule sonara wa Nizwa. Wanawake walikuwa wanamletea mikufu ya bibi zao ayayushe, awafanyie bangili za kisasa. Nilimwomba aniwekee zile sarafu kabla hajazitia motoni, naye akaniwekea. Kwa hiyo tangu mwanzo nilijiambia kwamba mimi naziokoa. Neno hilo nililitumia sana. Baba yako akiniuliza, "Tena umenunua?" namjibu, "Nimeiokoa." Ukitaka kumjua mtu anayesema ameokoa kitu, mwangalie amekiweka wapi baadaye. Mimi nilikuwa naziweka kabatini, na ufunguo naulalia.

Sasa lazima nikwambie habari za bibi yako, mama yangu mimi, kwa sababu bila ya hiyo utadhani nilifanya nililolifanya kwa kutojua.

Yeye alikuwa na mkufu. Baada ya mapinduzi, baba alipokuwa hana kazi na sisi bado tuko Unguja, mama aliuuza kipande kwa kipande. Mnunuzi alikuwa mwanamke wa mtaani petu, mwenye maneno matamu, aliyekuja kunywa chai kwetu, akamuuliza mama khabari za kila mtoto kwa jina lake, kisha akatoa mizani ndogo kwenye mkoba. Mimi nilikuwa msichana mdogo, nimekaa mlangoni. Alipoondoka na kipande cha mwisho, mama alitia mkono shingoni akapapasa, kama mtu aliyesahau kwamba amenyoa ndevu. Siku nyingi alifanya hivyo. Na mimi nilimchukia yule mwanamke kuliko hata waliomfukuza baba kazi. Wale sikuwajua sura. Yeye alikuwa amekunywa chai yetu.

Kwa hiyo nilijua, Rahma.

Wewe ulikuwa darasa la nne, mimi nasomesha Kiingereza skuli ya wasichana. Ulikuja Bidiya umelia njia nzima kwa sababu umeacha rafiki zako Ibra, na wiki ya kwanza tu ukarudi nyumbani unaimba: umempata Shamsa. Nadhani unakumbuka vizuri kuliko mimi. Mlikuwa mnatoa viatu na kukaa kwenye ukingo wa falaji, ule mfereji wa mashamba, miguu majini, mpaka wenye mashamba wanawafukuza. Kiarabu chako cha kibedui ulikipata kwake, baba yako akawa anakwambia unazungumza kama mchunga ngamia. Kwao ulikuwa unakula, unalala, unarudi na mchanga mpaka masikioni.

Bibi yake Shamsa, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa amemlea Shamsa na ndugu zake. Siku ya kwanza nilipokwenda kumshukuru kwa kukulisha, niliuona mkufu wake. Sikusikia hata alilokuwa ananiambia. Katikati kulikuwa na sarafu ya Hungaria, ya wale wafalme wa kale: upande mmoja Bibi Mariamu na mtoto, upande wa pili mfalme amesimama wima na shoka mkononi. Pembeni yake vichwa viwili vya wafalme wa Hispania, vidogo kama dengu. Nilikuwa nimeiona ile ya shoka katika kitabu tu.

Bibi aliniona naangalia, akacheka.

"Huyu ni Saif," akasema, akimshika yule mfalme kwa kidole. Saif lilikuwa jina la mumewe, aliyekufa zamani. "Yeye ndiye aliyeninunulia, kutoka kwa baharia mmoja wa Sur. Mtazame alivyosimama. Marehemu alikuwa anasimama hivi hivi akisubiri chakula."

Shamsa alikuwa amemlalia pajani. Bibi akampiga kidogo kichwani. "Na huyu ataolewa naye shingoni. Nimeshamwahidi."

Nilisikia hayo kwa masikio yangu. Nikanywa kahawa yake, nikaenda zangu.

Baada ya miezi, siku moja mchana tunakula, ukasema: "Mama, gari la baba yake Shamsa limekufa. Bibi yake analia."

Yule baba alikuwa anapeleka wageni jangwani kwa gari lake, kwenye kambi za kule mchangani. Hiyo ndiyo riziki yao. Injini imekwisha, na yeye ni mtu wa kiburi, hakopi kwa mtu. Bibi alikuwa anatafuta namna ya kumsaidia mwanawe bila ya kumwaibisha. Yote hayo ulinieleza wewe, mdomo umejaa wali, na macho yamekulengalenga machozi. Ulikuwa unaniambia kama mtoto anavyomwambia mama yake, ili mama afanye jambo.

Na mimi nikafanya. Nilinawa mikono, nikatia mizani yangu kwenye mkoba, nikakwambia, "Vaa viatu, twende tukamtazame bibi."

Sikuwa na haja ya kukuchukua. Nilikuchukua kwa sababu nilijua ukiwa wewe mbele, mlango utafunguka.

Mlicheza uani, wewe na Shamsa. Mimi niliingia ndani na bibi, nikamuuliza hali ya kila mtu kwa jina lake. Nilimwambia nimesikia, na kwamba mimi si mgeni, na hakuna atakayejua. Hakuchukua muda. Alikuwa ameshaufikiria mkufu kabla sijaja, hilo ni kweli, lakini alikuwa hajui ampelekee nani. Aliuvua mwenyewe. Akauweka kwenye mkono wangu, na bado una joto la mwili wake.

Halafu akaniuliza, "Abla," maana hivyo ndivyo kila mtu alivyokuwa akiniita pale, yaani mwalimu, "hivi vidude vina thamani gani?"

Nikamjibu, "Ni dhahabu tu, bibi. Thamani yake ni uzito wake."

"Wewe ni mwalimu," akasema. "Nakuamini wewe."

Nikapima, nikamlipa uzito. Ningeweza kumkopesha. Baba yako angekubali, tena kwa furaha, hata sikumuuliza. Ningeweza kumwambia ukweli kwamba yule Saif peke yake anashinda mkufu mzima, na kwamba wako watu Maskati watakaomlipa mara nyingi kuliko mimi. Ningeweza kumwachia Saif, nikachukua vingine. Lakini nilikwenda kwa ajili ya Saif. Nilipokuwa nafunga mkoba, Shamsa aliingia kuomba maji. Aliangalia shingo ya bibi yake. Akaangalia mkoba wangu. Kisha akageuka akakuangalia wewe, uliyekuwa umesimama mlangoni unacheka kwa jambo la huko uani. Sitasahau. Wewe ulikuwa bado unacheka.

Na bibi akatia mkono shingoni akapapasa. Namna ile ile.

Nilikwambia twende zetu.

Kama ningeishia hapo, Rahma, labda leo ningekuwa naandika barua nyingine. Nimewadhulumu watu, ndiyo, lakini dhuluma ile ilikuwa yangu mimi na wao. Hili la pili ndilo lako.

Shamsa akahama dawati. Ulirudi skuli, ukasimama jikoni na mkoba wako wa vitabu mgongoni, hukuuvua. "Mama, Shamsa hataki kukaa na mimi. Nimemfanya nini?"

Nilikuwa nakatakata vitunguu. Nakumbuka nilishukuru kwamba ni vitunguu.

Nikasema, "Labda umemtania vibaya bila ya kujua."

"Sikumtania."

"Fikiri vizuri. Mtu hakasiriki bure. Kamwombe radhi."

Ukakaa ukafikiri. Mtoto wa watu, ulikaa kwenye kiti ukafikiri umekosa nini, mpaka ukapata: ati siku ile uani ulimshinda mbio, ukajisifu. Nikasema, "Basi labda ni hiyo." Nikakutilia halwa kwenye sahani, nikaifunika kitambaa safi, nikakutuma. Nilikutuma ukaombe radhi kwa kosa langu.

Ulirudi na sahani yako na halwa yako. Alikufungulia, akaiona halwa, akafunga mlango. Ulikwenda tena siku ya pili, bila ya mimi kukutuma, na siku nyingine baadaye. Halafu ukaacha. Baba yako alipopata uhamisho turudi Ibra, hukulia hata kidogo, na yeye akasema, "Afadhali, amekuwa mkubwa." Mimi nilijua huo si ukubwa.

Tangu wakati ule unaomba radhi, mwanangu. Mtu akikukanyaga wewe unasema samahani. Ukifaulu mtihani na binti ya jirani asifaulu, unakwenda kwao kama mtu aliyeiba. Rafiki akinuna, husemi "ana nini?", unasema "nimefanya nini?" Watu wananisifu: binti yako ana adabu, binti yako mnyenyekevu. Kila wakinisifu nasikia mlango wa Bidiya unafungwa. Hiyo si adabu. Nimekufundisha mimi, jikoni, kwa sababu sikutaka kusema sentensi moja.

Sarafu ya shoka niliiweka kabatini pamoja na zile nyingine, na nitakwambia jambo la aibu zaidi: niliifurahia. Si siku zote. Lakini jioni nyingi niliitoa, nikaiweka chini ya kioo, nikamtazama yule mfalme alivyosimama, na nikafurahi. Watu hudhani mwenye kosa hulala na kosa lake linamla usiku kucha. Mimi nililala vizuri miaka mingi. Ukweli ni kwamba mtu anaweza kupenda kitu kizuri sana, kwa macho yanayojua uzuri wake, na bado akawa amekipata kwa uchafu. Kujua kwangu ndiko kulikonisaidia kudhulumu. Asiyejua asingeitaka.

Kilichoniamsha ni wewe, hivi karibuni tu. Barua ya masomo ilipokuja, sote tunashangilia, baba yako anapiga simu kila upande, ulinifuata chumbani. Ukasema, "Mama, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Kwa kukuacha."

Mtoto anakwenda kusoma udaktari, jambo nililomwomba Mungu tangu hajazaliwa, na anaona ni kosa lake. Nilikukumbatia nisione uso wako.

Wiki iliyopita nilikwambia nakwenda Sur kwenye arusi ya mwalimu mwenzangu. Nilikuongopea. Nilikwenda Bidiya.

Bibi amekwisha kufa, siku nyingi. Sikujua. Nilikuwa njia nzima natunga maneno ya kumwambia, na maneno yote hayakuwa na mwenyewe. Shamsa ameolewa, ana mtoto wa kike anayetambaa, anakaa nyumba mpya nyuma ya ile ya zamani. Alinijua pale pale. Alinikaribisha ndani, akaniletea tende na kahawa, akanimiminia mwenyewe kama alivyofundishwa, na mimi sikuweza kunywa. Nilifungua kitambaa, nikazitandaza sarafu zote za mkufu ule juu ya mkeka.

Alimpata yule wa shoka mara moja. Akamshika kwa vidole viwili. "Saif," akasema, akacheka kidogo, kisha akafunika uso kwa mtandio wake. Nikamwacha alie. Halafu nikamweleza yote, na la uzito pia, na nilivyojibu alipouliza bibi.

"Bibi alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Alijua umemlipa kidogo. Sonara mmoja alimwambia baadaye. Akatukataza kulizungumza. Alisema, amenipa nilipokuwa na shida, na binti yake anakula kwetu."

Nilidhani nimeshafika chini kabisa ya aibu yangu. Nikaona bado kuna ngazi.

Nikamwambia anisamehe. Shamsa aliniuliza, "Rahma anajua?"

"Hajui. Hakupata kujua."

Mtoto wa Shamsa alikuja akazishika sarafu, naye akamtoa mkono polepole.

"Siku ile alipokuja na halwa," akasema, "nilidhani umemtuma aje na halwa kulipia dhahabu ya bibi. Nilidhani anajua, na anacheka, kama alivyokuwa anacheka mlangoni. Nimemchukia miaka yote hii, abla. Alikuwa haelewi kitu?"

"Alikuwa haelewi kitu. Alidhani umekasirika kwa sababu alikushinda mbio."

Hapo ndipo aliponitazama. Sijapata kutazamwa hivyo. Si kwa hasira. Kama daktari anavyomtazama mtu aliyechelewa kuletwa.

"Hizi nazipokea," akasema, akizikusanya kwenye kitambaa. "Ni za bibi. Lakini huku kwangu umeanzia mwisho. Nenda kwa Rahma kwanza."

Nilitegemea nitarudi mwepesi. Nilirudi nimeshika usukani kwa mikono miwili kama mwanafunzi wa gari, na nikakukuta sebuleni, ukaniuliza arusi ilikuwaje. Nikasema nzuri. Hata baada ya yote yale, Rahma. Nikasema nzuri.

Nakwambia hili la mwisho ili usidhani kuungama mara moja kunamtengeneza mtu. Uongo ulinitoka kama salamu. Sarafu nyingine bado ninazo kabatini, na sijui niwarudishie akina nani, maana wengi siwajui, na wengine sikuwauliza hata majina. Bado nazipenda. Baba yako nimemwambia jana. Alikwenda nje akakaa ndani ya gari bila ya kuliwasha. Aliporudi aliniambia, "Mwambie kabla hajaondoka, au ntamwambia mimi." Ndiyo maana amekuchukua Nizwa leo, wakati shangazi zako walikuwa tayari kuja wenyewe.

Sikuombi unisamehe. Hilo nimelifikiri sana. Nikikuomba leo, utanisamehe kabla hujamaliza kusoma, kwa sababu ndivyo nilivyokufanya, na utakwenda Dublin umebeba kosa langu tena, safari hii ukiliita msamaha. Subiri. Kasirika kwanza. Sijapata kukuona umekasirika tangu uko mtoto mdogo, na natamani kukuona, hata kama ni juu yangu.

Hukumkosea Shamsa kitu. Halwa ile haikuwa na kosa, na mbio zile ulishinda kwa haki.

Ndege yako ni kesho usiku. Asubuhi nilikuwa nimeipanga iwe yetu sisi wawili: nikusuke, tukae tunywe chai uani, nikuangalie. Lakini Shamsa aliniambia wakati naondoka kwamba yeye huamka mapema kwa ajili ya mtoto, na kwamba mlango wake utakuwa wazi. Baba yako yuko tayari kukupeleka, na muda upo wa kwenda na kurudi kabla ya kushika njia ya Maskati. Ukitaka kwenda, nenda. Mimi sitafuatana nawe. Nilikwishakwenda na wewe kwao mara moja, inatosha.

Ntabaki hapa. Na ukirudi umenikasirikia, usizifute hasira zako mlangoni. Ingia nazo hivyo hivyo.

Mamako